Mtoto na lengo lake: tukae naye, tupime pamoja



Mwaka uliopita, siku ya Mungu ya kwanza ya mwezi wa kwanza, kikundi chetu hapa Bukavu kilikusanya watoto wetu wote baada ya ibada. Tulimpa kila mtoto karatasi na biki. Tukawaambia: andikeni mambo ambayo mnataka kukua ndani yake mwaka huu, ili mumpendeze Mungu. Watoto waliandika. Tukaomba juu ya karatasi zile, tukaziweka ndani ya bahasha kubwa, tukaimba, tukanywa chai, kila mama akarudi kwake na furaha.

Ilipofika Pasaka tulifungua bahasha. Tukashangaa, kwa sababu karatasi karibu zote zilifanana: nitawatii wazazi, nitasoma kwa bidii, nitaomba kila siku. Tulipowauliza watoto wenyewe, wengi hawakukumbuka hata neno moja. Mtoto mmoja aliangalia karatasi yake, kisha akamwangalia mama yake, akasema: "Mama, hii ni wewe uliniambia niandike."

Tulicheka siku ile, lakini nyumbani kila mmoja wetu alibaki akiwaza. Tumechukua mwaka mzima kujifunza upya kazi hii, na tumekosea mara nyingi. Juma hili tunataka kuwaeleza wamama wenzetu mambo tuliyojifunza, ili ninyi msianzie pale tulipoanzia.

Makosa yetu matatu

Kosa la kwanza mmekwisha kulisikia. Malengo yalikuwa ya wamama, watoto waliyaandika tu kwa mkono wao. Mtoto hawezi kubeba kwa muda mrefu mzigo ambao hakuchagua. Ataubeba siku ile mama anapoangalia, kisha ataushusha njiani.

Kosa la pili, tuliyafungia malengo ndani ya bahasha. Sisi wakulima tunajua kwamba hakuna mama anayepanda maharagwe mwezi wa tisa, kisha anarudi shambani siku ya kuvuna tu. Anarudi kupalilia, kuangalia wadudu, kuona kama mvua imebeba udongo. Lengo la mtoto nalo linataka mtu wa kurudi kuliangalia.

Kosa la tatu ndilo lilituumiza zaidi. Baada ya Pasaka tulikubaliana kwamba kila mama amuulize mtoto wake kila juma. Tukauliza kweli, lakini tuliuliza kama watu wa tribunali.

Mama mmoja wa kikundi chetu ametupa ruhusa ya kusimulia habari yake. Yeye anauza sambaza sokoni, na kijana wake alikuwa na miaka 10. Kijana alisema atasoma Injili ya Marko, sura moja kila juma. Kitabu hicho kina sura 16, kwa hiyo angemaliza kwa miezi minne hivi. Kila Jumapili jioni mama alimuuliza mbele ya wote: "Umesoma?" Naye alijibu: "Ndiyo, mama." Juma la nane mama akamwambia awasimulie wadogo zake habari ya yule mgonjwa aliyeshushwa kupitia darini, ambayo iko katika sura ya 2. Kijana akanyamaza. Hakuwa amesoma hata sura hiyo ya pili.

Mama alikasirika. Mbele ya wadogo zake akamwambia kwamba amemdanganya Mungu. Tangu siku ile kijana alikataa kwenda shule ya Jumapili. Asubuhi alisema tumbo linamuuma, ao anatafuta kiatu mpaka saa inapita.

Ilikuwa shangazi yake aliyejua ukweli, siku moja walipokuwa wanachambua maharagwe wawili tu. Kijana alimwambia hivi: "Shangazi, mimi sijui kusoma vizuri. Nikifika mwisho wa mstari, nimesahau mwanzo wake. Niliogopa kusema, kwa sababu wadogo zangu watanicheka."

Alikuwa mwaka wa nne wa shule ya msingi, na mama yake hakujua kwamba hajui kusoma. Majuma manane walikaa pamoja kila Jumapili kuzungumza juu ya kusoma, na majuma yote manane jambo hilo lilijificha, kwa sababu swali la mama lilikuwa na majibu mawili tu: ndiyo, ao aibu. Mama huyo alituambia huku akilia: "Nilifikiri ninamfundisha mtoto kumpenda Mungu. Nilikuwa ninamfundisha kusema uongo kwa jina la Mungu."

Hakuna kati yetu aliyemhukumu, kwa kuwa wengi tulikuwa tumefanya vile vile.

Pande nne za kukua

Tulirudi kwenye Injili ya Luka, sura ya 2. Huko tunasoma habari ya Yesu akiwa na miaka 12. Wazazi wake walikwenda naye Yerusalemu kwa sikukuu, wakamkosa njiani, wakamtafuta na kumpata hekaluni baada ya siku tatu. Kisha alirudi nao Nazareti, akaishi chini ya utii wao. Mwishoni mwa sura hiyo, katika mstari wa 52, Luka anaeleza kwa ufupi jinsi kijana huyo alivyoendelea kukua. Anataja pande nne: hekima yake, mwili wake, uhusiano wake na Mungu, na uhusiano wake na watu.

Tunaomba kila mama alitafakari jambo hilo. Mwana wa Mungu hakushuka akiwa mtu mzima aliyekamilika. Alikua kidogo kidogo, katika mji mdogo, nyumbani mwa seremala. Kama yeye alikubali kukua polepole, kwa nini sisi tunataka watoto wetu wabadilike kwa juma moja?

Tuliona pia kwamba pande nne hizo zinatusaidia kumwona mtoto mzima. Shule inatuletea buletini, na buletini inapima zaidi upande mmoja. Mtoto aliye wa mwisho darasani anaweza kuwa wa kwanza kwa huruma. Mtoto anayepata alama nzuri anaweza kuwa mtu wa kumpiga mdogo wake kila siku. Ukiangalia pande nne, kila mtoto ana mahali pa kumsifu na mahali pa kumsaidia.

Namna ya kumsaidia achague

Sasa hatumpi mtoto karatasi siku ya kwanza. Tunaanza kwa mazungumzo, tukiwa kazini pamoja naye: kuchambua mboga, kupepeta mchele, kufua. Mtoto husema mengi mikono yake ikiwa na kazi. Tunamwuliza maswali kama haya: Ni jambo gani unaliona gumu siku hizi? Ni jambo gani ungependa kuliweza kabla ya sikukuu ya Noeli? Ukiwa unaomba, unamwomba Mungu akusaidie nini? Kisha tunanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwetu sisi wamama.

Mtoto akishasema, tunamsaidia kulipunguza neno lake mpaka liwe dogo la kuweza kuonekana kwa macho. "Nitakuwa mtoto mzuri" ni neno kubwa, halina mahali pa kulishika. "Nikitumwa dukani nitarudisha chenji yote" linashikika. "Nitampenda Mungu" ni jema, lakini mtoto atajuaje kama amefika? "Kila usiku kabla ya kulala nitamwambia Mungu aksanti kwa jambo moja la siku ile" anaweza kulifanya leo.

Hii ni mifano ya malengo ambayo watoto wetu wenyewe walichagua, kila upande:

Kwa hekima: kujua hesabu za kuzidisha kwa 7 bila kuangalia, kumwuliza mwalimu swali moja kila juma, kusoma mistari mitatu kwa sauti bila kuruka neno.

Kwa mwili: kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, jambo la maana sana kwetu ambako kipindupindu hakituachi, kujifulia sare ya shule siku ya posho, kulala mapema siku za masomo.

Kwa Mungu: kuomba kwa maneno yake mwenyewe; kujifunza wimbo mmoja wa ibada na kuuimba pamoja na bibi; kuomba kwa ajili ya mtu ambaye amemkosea.

Kwa watu: kusalimia wakubwa bila kukumbushwa, kutompiga mdogo wake, kukaa karibu na mtoto mgeni darasani, yule ambaye familia yake ilikimbia vita na bado hana rafiki.

Tunamwomba mtoto achague lengo moja tu, ao mawili akiwa mkubwa. Anayejua kuandika analiandika kwenye kaye yake, pamoja na tarehe. Asiyejua kuandika anapata kikopo na punje za maharagwe: kila siku akitimiza, anatia punje moja. Mwisho wa juma tunamwaga na kuhesabu naye. Watoto wadogo wanapenda sana sauti ya maharagwe ndani ya kikopo, na hakuna makuta ya kutumia.

Kwa vijana wa miaka 13 na zaidi, tumejifunza kuacha mlango. Kijana anaweza kuwa na lengo moja analotuambia na lingine ambalo ni kati yake na Mungu tu. Tusifungue kaye yake kwa siri. Luka huyo huyo anatuambia kwamba Maria hakuelewa yote aliyoyasikia kwa mwanawe, akayatunza moyoni. Kuna wakati mama anatunza moyoni, anaomba, anangoja.

Chakula kwanza, maswali baadaye

Baada ya habari ya yule kijana wa Marko, tulitafuta katika Biblia namna Yesu alivyokaa na mtu aliyeshindwa. Tulifika kwa Yohana sura ya 21. Petro alikuwa amemkana Bwana mara tatu. Asubuhi moja, kando ya ziwa, Yesu alimkuta pamoja na wenzake wakitoka kuvua. Alikuwa amekwisha kuwasha moto wa makala, samaki juu yake, na mkate. Akawaita wale kwanza. Walipomaliza kula, ndipo alipoanza kumwuliza Petro. Na hakumwuliza kwa nini alimkana. Alimwuliza juu ya upendo wake, mara tatu, na kila mara akampa kazi ya kufanya.

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Kivu tunaielewa vizuri picha hiyo. Moto wa makala, samaki, mtu mwenye aibu anayekula kimya. Mwalimu wetu alilisha kwanza, akauliza baadaye, na mwisho alimwamini mtu yule kwa kazi mpya.

Kwa hiyo sasa tunafanya hivi. Jumapili jioni, baada ya bukari, tunakaa na mtoto mmoja mmoja, dakika 10 zinatosha. Wengine wanaosha vyombo ao wanacheza nje. Hakuna fimbo karibu, na simu imewekwa mbali. Tunaanza kwa sala fupi ya kushukuru, kisha tunauliza maswali manne:

Juma hili ni nini kilikwenda vizuri?

Ni nini kilikuwa kigumu?

Mimi mama yako nifanye nini ili kukusaidia?

Tuendelee na lengo hili, tulipunguze, ao tulibadilishe?

Tunaandika neno moja kwenye kaye, tunamwombea kwa kumtaja jina, na tumemaliza. Likitokea kosa kubwa juma lile, kama wizi ao kupigana, tunalizungumzia siku nyingine. Tusichanganye saa ya kukua na saa ya kurudi. Mtoto akijua kwamba kila Jumapili jioni ni siku ya kufokewa, ataficha moyo wake kuanzia asubuhi.

"Na wewe mama, je?"

Katika nyumba moja, binti wa miaka 8 alimwuliza mama yake: "Na wewe mama, lengo lako ni lipi?" Mama hakuwa na jibu. Akamwuliza binti: wewe unaona nifanye nini? Binti akasema polepole: "Usipige kelele asubuhi."

Mama huyo alikubali. Akaliandika kwenye kaye ya mtoto, chini ya lengo la mtoto. Jumapili iliyofuata binti alimwuliza yale maswali manne, mmoja baada ya mwingine, kama alivyoulizwa yeye. Mama alikiri kwamba alishindwa asubuhi tatu: siku ambayo maji hayakutoka, siku ambayo makala yalikuwa mabichi, na siku moja bila sababu yoyote. Binti aliwaza kidogo, kisha akasema: "Basi mama, tulipunguze. Siku ya kwanza ya masomo tu."

Tulipoisikia habari hiyo kwenye mkutano tulicheka mpaka machozi. Lakini mama yule alituambia jambo ambalo tumelishika. Tangu siku alipokiri kushindwa kwake, watoto wake walianza kusema kweli juu ya kushindwa kwao. Tunahubiri kila siku kwamba Mungu anasamehe. Watoto wetu wanaamini zaidi wanapomwona mama anaomba msamaha huo mwenyewe.

Lengo likishindikana, tutafute sababu

Hapa tunaomba wamama wenzetu watusikilize vizuri, kwa sababu jambo hili linahusu haki ya watoto nyumbani mwetu.

Mtoto akishindwa majuma matatu mfululizo, tusiseme haraka kwamba ni mvivu ao kwamba haombi. Mara nyingi sababu ni moja kati ya tatu. Huenda lengo ni kubwa mno, tulipunguze. Huenda lilikuwa la mama, siyo lake, tuliache achague lingine. Ao njia imefungwa, na aliyeifunga ni sisi wakubwa.

Binti mmoja wa miaka 12, mwaka wa sita, alichagua kumaliza kazi aliyopewa na mwalimu kabla ya giza. Mwisho wa mwaka huo ana mtihani wa taifa, na nyumbani kwao umeme unakatika karibu kila jioni. Majuma manne alishindwa. Mama yake anasema: "Nilikuwa karibu kumwambia aombe zaidi." Lakini alikumbuka swali la tatu, akamwuliza amfanyie nini. Binti akahesabu kwa vidole: nikitoka masomo ninateka maji mara mbili kwenye robine, ninaosha sufuria za mchana, ninambeba mtoto, ninawasha makala. Nikimaliza, ni usiku.

Na kaka yake wa miaka 14 alikuwa wapi saa zile? Kwenye mpira.

Mama alizungumza na papa usiku. Papa alikaa kimya, kisha akasema kwamba hakuwahi kuhesabu. Kesho yake alimwita kijana mbele ya dada yake, akampa bidoni. Kijana alilalamika kwamba majirani watamcheka, na kweli walimcheka. Bado analalamika siku nyingine. Lakini maji anateka, na dada yake sasa anafungua kaye yake jua likingali juu.

Hakuna sala ambayo ingefanya kazi ya bidoni ile. Tunasema hivi kwa heshima yote, sisi tunaoamini sala. Tukimwambia mtoto aombe zaidi huku tumemfungia njia, tunamfanya amwone Mungu kama mtu asiyesikia, na kumbe ni sisi ambao hatukusikia. Vile vile kuna mambo ambayo mama hana uwezo nayo: ugonjwa, njaa, kukimbia nyumba usiku. Kuna majuma ambayo usalama haukuturuhusu hata sisi wakubwa kukutana. Juma kama hilo lengo la mtoto ni kubaki salama karibu na wazazi wake, na hilo linatosha. Mwambieni hivyo wazi, ili asijihesabie kosa.

Mambo ya kuepuka

Tusimtumie Mungu kama fimbo. "Mungu atakuchukia" ni neno lisilo la kweli, na mtoto hulibeba mpaka uzeeni.

Tusiwalinganishe ndugu. Kila mtoto apimwe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita.

Tusisome malengo ya watoto mbele ya kanisa ao mbele ya wageni. Hata sifa inaweza kumwaibisha mtoto.

Tusinunue kila hatua kwa pipi ao makuta. Neno zuri la mama, ao la papa ambaye haongei sana, lina uzito zaidi. Siku moja moja tunaweza kusherehekea: yai kwa yule aliyemaliza, akaligawa mwenyewe na ndugu zake.

Na tusimsahau mtoto tunayemlea ambaye hatukumzaa: wa dada aliyekufa, wa jirani aliyepotea vitani. Yeye ndiye hana mtu wa kumwuliza unakua namna gani. Kaye yake iwe sawa na kaye za wengine.

Kanzu ya Samweli

Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 2, kuna habari ndogo ambayo tumeisoma mara nyingi bila kuiona. Hana alimtoa mwanawe Samweli kwa Bwana, mtoto akaishi huko Shilo pamoja na kuhani Eli. Kila mwaka Hana alimshonea kanzu ndogo, akampelekea alipokwenda na mume wake kutoa dhabihu.

Wamama, sisi tunajua kazi hiyo. Kila mwezi wa tisa tunapima sare, shati jeupe na sketi ao suruali ya buluu. Tunaona mikono imerefuka, tunafungua upindo ulioachwa mwaka jana, ao tunapeleka nguo kwa mdogo wake. Kumshonea mtoto asiyeishi nawe ni lazima ukumbuke alivyokuwa, na ufikiri amefika wapi. Hana hakumkasirikia Samweli kwa sababu kanzu ya mwaka uliopita ilikuwa fupi. Alishona nyingine.

Hivyo ndivyo tunavyoelewa kazi hii sasa. Kupima lengo la mtoto ni kazi ya mama anayetaka kujua kanzu ijayo iwe na urefu gani. Na fundi mwenye akili anaacha upindo, kwa sababu anajua mtoto bado anakua.

Juma hili

Tunaomba kila kikundi kianze na jambo dogo. Kwenye mkutano wa likelemba, kabla ya kuhesabu makuta, chukueni dakika 10. Mama mmoja ao wawili waeleze namna walivyokaa na watoto wao, bila kutaja siri ya mtoto. Asiyejua kuandika asaidiwe na mwenzake, ao atumie kikopo na maharagwe. Wenye waume wawaalike wakae nao Jumapili moja kwa mwezi.

Na wewe mama unayesoma haya peke yako, usingoje mwezi wa kwanza. Jumapili hii jioni, baada ya kula, mwite mtoto mmoja. Anza na yule ambaye humwelewi siku hizi. Mwulize swali la pili peke yake: ni nini kigumu kwako? Kisha nyamaza.

Mtatuuliza habari ya yule kijana wa Marko. Mama yake alimwomba msamaha, mbele ya wadogo zake, kwa sababu alimwaibisha mbele yao. Walibadilisha lengo: mistari mitatu kila jioni, shangazi anasoma kwanza, kijana anarudilia akifuata kwa kidole. Mama anakaa karibu, naye anafuata kwa macho, kwa maana aliacha masomo akiwa mdogo. Mwaka umepita. Hawakumaliza sura 16, wamefika sura ya 9. Kijana amerudi shule ya Jumapili, na mwezi uliopita alinyosha mkono mwenyewe alipoulizwa nani atasoma.

Alisoma polepole sana, na watoto wengine walianza kucheka. Aliendelea mpaka mwisho wa mstari.

Bwana awape wamama wote uvumilivu wa kungoja, na macho ya kuona hatua ndogo. Tukutane juma lijalo.